Sampo Si Tusi

Imesemwa, tena na mtu mwenye kalamu na jina, kwamba maneno ya gereji hayana makao katika ushairi wa Kiswahili. Hukumu hiyo ilitolewa katika hafla moja ya washairi huku Nyanda za Juu Kusini, mbele ya vijana waliokuwa wameleta tungo zao zipimwe. Mmoja wao ni fundi wa magari hapa Igawa, mahali ambapo barabara kuu iendayo Zambia huuvuka Mto Mbarali. Alileta tarbia ya beti 8 juu ya kazi ya kushusha sampo ya injini kuukuu na kuisafisha. Akarudi na karatasi yake ikiwa imepigwa mstari mwekundu chini ya maneno manne: sampo, gasketi, kranki, beringi. Pembezoni ameandikiwa neno moja tu: "Lugha!"

Nimefundisha Kiswahili sekondari zaidi ya miaka 30, na wino mwekundu naujua ladha yake. Mstari huu siukubali. Nami naujibu hapa, katika ukumbi wa watu wanaojua mizani na vina, kwa sababu hukumu ile haikumgusa kijana peke yake. Imegusa swali la nani mwenye lugha hii.

Kwa idhini yake nanakili ubeti wa tatu, kila msomaji auonje mwenyewe:

Nati za sampo legeza, kwa zamu bila haraka,
Nne za pembe bakiza, isije ikadondoka,
Gonga kwa mti, sikiza, gasketi itabanduka,
Mashapo hukueleza, injini ilipochoka.

Nianze na jambo jepesi nilimalize. Mkosoaji alidai kwamba gasketi huvunja mizani, ati s yake imesimama bila irabu. Basi na tumfukuze askari, ambaye s yake imesimama vilevile. Tumfukuze na bustani. Hawa wamo katika tungo za wazee wetu tangu zamani, wakihesabiwa mizani tatu kila mmoja, na hapana aliyewadai hati ya kusafiria. Tofauti ni nini? Askari na bustani walikuja kwa jahazi kutoka Arabuni na Uajemi. Gasketi alikuja kwa lori. Hiyo si hoja ya arudhi, ni hoja ya ukoo.

Tena, kosa la kweli limo katika ubeti huu, nalo mkosoaji hakuliona. Land Rover ya zamani, ambayo ndiyo kijana aliyoiimba, haikufungwa sampo kwa nati. Imefungwa kwa bolti zinazoingia katika bloku ya injini. Mafundi wetu wamezoea kukiita nati kila kinachofunguliwa kwa spana, na hapo mtu makini angeweza kumwambia kijana, "Mwanangu, angalia tena." Lakini kuliona kosa hilo yahitaji mtu awe amewahi kulala chali chini ya gari.

Sasa niieleze kazi yenyewe, tangu mwanzo hata mwisho. Nyuma ya ule mstari mwekundu limejificha dai kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili ila kwa kuona haya. Na tuone.

Sampo ni lile bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini, ambamo oili hukusanyika ikishuka kutoka juu, na humo pampu huivuta tena ipande. Land Rover zilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, na zile za 109, ambazo wazee huziita "mia na tisa" kwa urefu wa inchi 109 baina ya ekseli mbili, bado zinatembea katika mashamba ya mpunga ya Usangu na katika milima ya Njombe na Makete. Nyingi zilikuwa na injini ya petroli ya silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2286. Ni injini ya subira: haikimbii, lakini haimtupi mtu njiani, maadamu imenyweshwa oili safi.

Gari huwekwa mahali tambarare. Magurudumu ya nyuma hutiwa kabari mbele na nyuma. Pua huinuliwa kwa jeki, kisha chasisi hukalishwa juu ya stendi za chuma au magogo ya mti mgumu. Jeki si nguzo. Hilo fundi hulisema mara mbili kwa mwanafunzi wake, na mafundi waliolipuuza wapo makaburini. Pua ikiinuka, ekseli ya mbele huning'inia, na sampo hupata upenyo wa kushukia.

Kabla ya kumwaga, injini huwashwa dakika chache ipate uvuguvugu. Oili baridi ni nzito, nayo huuacha uchafu umelala ulipolala. Yenye uvuguvugu huubeba. Karai huwekwa chini, na liwe karai kweli, maana zinakuja lita zipatazo 6. Bolti moja kubwa iliyo peke yake chini ya sampo hufunguliwa, na oili hutoka kwa kishindo, kisha kwa uzi, kisha kwa matone.

Hapo fundi hageuki kwenda kunywa chai. Huitazama. Ikiwa nyeusi tu, ni umri na kazi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na aghalabu gasketi ya silinda hedi imekata. Ikinukia petroli, mpira wa pampu ya petroli umepasuka na petroli inachuruzikia ndani, inaifanya oili kuwa nyepesi, na beringi zitaanza kusagika bila mtu kusikia chochote mpaka siku injini iliponoki.

Kunoki! Naomba wasomaji watulie kidogo juu ya kitenzi hiki. Asili yake ni sauti ya kugonga, kwa Kiingereza. Lakini sikia kilivyooleka: imenoki, ikinoki, isinoki, usiinokishe. Kimevaa viambishi vyote vya nyumbani, kinakaa sebuleni na miguu juu ya kigoda. Anayetaka kukifukuza leo atafute kwanza neno moja litakalosema kwamba injini imekwisha, tena imekwisha kwa uzembe wa mwenyewe.

Nirudi chini ya gari. Bolti hulegezwa kwa kuzunguka, kila moja kidogo, kabla ya kutolewa hata moja, na za pembeni huachwa za mwisho zishikilie uzito. Hata zikitoka zote, sampo haianguki. Gasketi iliyokaa miaka 20 imekwisha kuwa gundi. Hapa ndipo pupa hujitambulisha, na silaha yake ni bisibisi. Asiye na subira huichomeka baina ya sampo na bloku, akakandamiza. Mdomo wa sampo hupinda, na tangu siku hiyo gari litadondosha oili kila lilalapo. Fundi hugonga ubavuni kwa nyundo ya mti, taratibu, huku na huku, akitega sikio. Sauti hubadilika kabla jicho halijaona chochote: kutoka mlio mkavu wa kitu kilichoshikana hadi mlio wa kitu kilichoachana. Kwa hiyo "sikiza" katika ubeti wa kijana halikuwekwa kwa ajili ya kina. Ni agizo la kazi. Nami nimesoma beti nyingi za wasifiwa wetu ambamo neno la mwisho wa kipande limewekwa kwa ajili ya kina na si kwa kitu kingine chochote.

Sampo ikishuka, mna mashapo. Wanywao ulanzi huku kwetu wanayajua mashapo ya mtungi. Haya ni meusi, mazito, yameshika chini kama ukoko wa ugali. Fundi huyachota kwa vidole akayasugua baina ya kidole gumba na cha shahada. Akihisi chenga, huleta sumaku. Chenga zikishika sumaku ni chuma, kilichotoka kwenye meno ya gia, kwenye ringi za pistoni au kwenye kuta za silinda. Zisiposhika, tena zikang'aa kijivu au kwa rangi ya shaba, hizo ni nyama za beringi, na hapo kazi ya kusafisha sampo imegeuka kuwa kazi ya kufungua injini nzima. Mashapo hukueleza, injini ilipochoka. Mwenye hafla aliupita mshororo huu bila kusimama, akaenda kutafuta neno la kupigia mstari.

Kuna chujio katika mdomo wa pampu ya oili, wavu wa nyuzi za chuma. Nalo husafishwa, na pengine hilo ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa mashapo yakiliziba injini hufa kwa kiu ilhali imekalia oili tele. Sampo huoshwa kwa mafuta ya taa au dizeli na brashi ngumu, kamwe si kwa petroli, ambayo mvuke wake hungoja cheche tu. Hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, maana uzi mmoja wapaswa kuogopwa kama mashapo. Gasketi ya zamani hukwaruzwa kwa kisu butu kwenye sampo na kwenye bloku hadi chuma kitupu kionekane. Kisha fundi huchungulia mdomo wa sampo dhidi ya mwanga. Mahali ambapo waliotangulia walikaza bolti kwa hasira, chuma kimebonyea kuzunguka tundu; hukiweka juu ya gogo, akakinyoosha kwa nyundo ndogo. Gasketi mpya hukalishwa. Bolti hurudishwa kwa vidole kwanza, zote, ndipo spana ifuate, kutoka katikati kuelekea ncha, kwa kupishana, duru mbili au tatu, na kukaza kwa kiasi. Gasketi iliyobanwa kupita kiasi hutoka nje kama ulimi. Oili mpya hutiwa, kijiti cha kupimia husomwa, injini huwashwa, na macho yote huwa kwenye taa ya oili: isipozimika upesi, zima injini.

Oili chafu haimwagwi mtoni. Hapa kwetu hupakwa nguzo za uzio, zisiliwe na mchwa.

Nimemaliza kazi. Wapi nilipokwama? Wapi nililazimika kukimbilia sentensi ya Kiingereza? Nimekopa majina ya vitu, naam, dazeni moja au zaidi. Lakini hebu mwalimu mwenzangu apekue vitenzi: legeza, gonga, tega, banduka, chota, sugua, kwaruza, nyoosha, kalisha, kaza. Vyote ni vyetu. Na vitenzi ndivyo vyenye fikra. Tazama tofauti ya kubanduliwa na kubanduka. Gasketi inayobanduliwa imetendwa kwa nguvu. Inayobanduka imeachia yenyewe baada ya kubembelezwa. Kijana hakuandika "itabanduliwa", ingawa alikuwa na njia za kuipatia mizani. Alichagua kauli ya kutendeka kwa kuwa mkono wake unaijua tofauti hiyo. Huyo ndiye tuliyempigia mstari mwekundu tukaandika "Lugha!"

Nasikia wanaosema kwamba tatizo si kukopa, ila kukopa bila kibali. Kwamba tungengoja istilahi sanifu. Mimi si adui wa vyombo vya lugha. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilikuwa mezani pangu kila siku ya kazi mpaka jalada likaning'inia. Lakini tuulizane bila kuoneana haya: ni lini lugha iliwahi kungoja? Parafujo ni neno la Kireno. Karai lilitoka Bara Hindi, na gari lenyewe pia. Usukani lilikuwa la chombo cha baharini, likapanda barabarani bila kuomba ruhusa ya nahodha yeyote. Msasa ni mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi wa mbao waliyatumia kulainishia kazi zao. Karatasi ya kiwandani ilipokuja ikarithi jina la jani. Hakuna kamati iliyokaa. Mkono ulishika kitu, kinywa kikakitaja, na sikio la jirani likakubali.

Vilainishi, kwa mfano, ni neno lililoundwa vizuri. Halina ila. Nalisoma katika matangazo ya serikali, na ninalielewa. Lakini ingia duka lolote la vipuri kuanzia Makambako hadi Chimala uombe chupa ya kilainishi, uone utakavyotazamwa. Neno oili limeshinda kwa sababu lilifika pamoja na mkebe.

Kuna mwenzangu mmoja, mtu wa pwani na mtaalamu wa kweli, aliniambia kwamba Kiswahili kina jina lake la kale la sampo: ngama. Ngama ni ile sehemu ya chini ya chombo ambamo maji hujikusanya, na mabaharia hukaa wakiyafua. Ni pendekezo zuri mno. Lina picha, lina historia, na hata kazi ya kuziba kwa gasketi ingeweza kuitwa kukalafati, kama wanavyoziba nyufa za mashua kwa pamba. Nikitunga, nitalitumia. Lakini nalo lisigeuzwe rungu. Mtoto wa Usangu hajaona mashua ya mbao wala ngama yake. Kwake ngama ni neno geni kama sampo, tena geni zaidi, kwa kuwa sampo ameishika na ngama ameisoma. Usanifu wetu ulisimamishwa juu ya Kiunguja, nami sina ugomvi na hilo; ugomvi wangu ni na yule anayedhani kwamba neno la mvuvi ni fasihi na neno la fundi ni takataka.

Na kama tunataka picha, mbona tusitazame miguuni petu? Neno la Kiingereza lililozaa sampo lilikuwa na maana ya kinamasi, bwawa la matope, lilipotoka katika lugha za Kijerumani cha chini na Kiholanzi cha kale. Sisi tunaishi kando ya Ihefu. Maji ya mito ya Usangu, Mbarali ukiwemo, hushuka kutoka milimani, hujikusanya katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha huutokea Ruaha Mkuu kwa mlango mmoja. Yanayoshuka hujikusanya, hutulia, huacha mashapo, hutoka tena kwenda kuhudumia mwili mzima. Hiyo ni sampo iliyoumbwa na Mungu. Na sote twajua kilichoupata Ruaha Mkuu, ulioanza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, Ihefu ilipopungukiwa. Kijana, katika ubeti wake wa saba, anaiita sampo "Ihefu ya injini". Hapo mkosoaji hakupiga mstari. Nadhani hakujua Ihefu ni nini, akaona aibu kuuliza.

Wala jambo hili lisionekane geni. Ikulu lilitoka bara, kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Ngeli, neno ambalo bila hilo mwalimu wa sarufi hawezi kufungua kinywa, lilitoka Uhaya. Bara limekwisha kuilisha lugha hii, na halijaacha.

Nisije nikadhaniwa naitetea gereji kwa kila kitu. Kuna uvivu mwingi huko, nao nauchukia. Fundi anayesema "nimeiremuvu" ilhali kutoa, kushusha, kufungua na kubandua vimemzunguka kama watoto wake, huyo hajakopa. Amerithi mali akaiacha mvuani. Kanuni yangu ni moja na ni rahisi: jina la kitu kilichokuja na kitu chake, karibu, kitenzi cha kazi ambayo mikono yetu iliifanya kabla ya injini kuzaliwa, hapana. Kunoki nimekisamehe kwa kuwa kabla ya injini hapakuwa na kilichonoki. Anayetaka kunipinga hapo, uwanja upo.

Njia ambayo maneno haya yaliingilia huku kwetu nayo ina heshima yake. Mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikatiwa njia ya kusini, na mafuta yake yakalazimika kupita huku kwa malori, juu ya barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliibatiza Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA likaja mwaka 1968, lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA katikati ya muongo huo. Malori yaliharibika humu humu, katika mbuga na milima hii, mbali na karakana yoyote, na watu waliyafungua kwa mwanga wa taa za chemli. Sampo, rejeta, klachi, difu: majina haya yalitamkwa usiku, mvuani, na watu waliokuwa wakiisaidia nchi jirani isife kwa kiu ya mafuta. Leo tunaambiwa hayana adabu ya kutosha kuingia katika shairi.

Kinachoniuma zaidi hakimo katika shairi. Kijana huyu alikuwa mwanafunzi katika shule niliyofundisha. Alipokuwa shule ya msingi alifundishwa msuguano kwa neno hilohilo, msuguano, nalo ni tunda zuri la kitenzi sugua. Mtoto hulielewa kwa kusugua viganja vyake. Akafika kidato cha kwanza, msuguano ukafa, likaja neno jingine kwa lugha nyingine, na somo lilelile likageuka kuwa ukuta. Karatasi yake ya fizikia ilikuwa na nafasi tupu palipoulizwa faida za kulainisha vyuma. Huyu, ambaye leo hutambua beringi iliyochoka kwa chenga moja kati ya vidole vyake, ana cheti kinachosema hajui. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tulikuwa nayo tangu mwaka 1990. Maneno yapo. Kinachokosekana ni watu wa kuyaonea fahari, na wa kwanza kutakiwa kuwa nayo fahari hiyo ni sisi washairi na walimu wa lugha, ambao mawaziri hutuuliza kama lugha inaweza. Tukijibu kwa mstari mwekundu chini ya neno gasketi, tumekwisha kumjibu waziri.

Ndiyo maana nasema hukumu ya hafla ile haikuwa jambo dogo la ladha. Mlinzi wa lango anayemzuia fundi asiingie shairini ni yuleyule, ajue asijue, anayekizuia Kiswahili kisiingie maabara. Hoja ni moja: kwamba lugha hii ni ya mapenzi, mawaidha na mazishi, na mambo ya chuma yana wenyewe. Wazee wetu waliotunga juu ya tanga, omo, foromali na nanga hawakuliamini hilo hata kidogo. Waliimba chombo walichokipanda, kwa majina ya vipande vyake, tena mengine majina ya kigeni, nasi tunawasoma kwa kamusi mkononi na kuwaita magwiji.

Basi nina maombi mawili kwa wasomaji wa ukumbi huu, na yote ni ya kazi. La kwanza, nimeanza daftari la msamiati wa gereji, kipande kwa kipande, kuanzia sampo kwenda juu. Ninataka kujua mnaiitaje huko mliko. Wa Mombasa na Lamu, wa Bukavu na Goma, wa Kampala, na ninyi mlioko Maskati: mkimpelekea fundi gari linalodondosha oili, mnamwambia ashushe nini? Andikeni neno kama linavyotamkwa na aliyechafuka mikono, si kama mnavyodhani lingepaswa kuwa.

La pili ni la arudhi. Nimemwonyesha kijana lile kosa la nati. Amecheka, akasema, "Mwalimu, kweli ni bolti," na ameazimia kurekebisha. Lakini sasa amekwama, nami nimekwama naye. Akiandika "Bolti za sampo legeza", kipande kina mizani 8 iwapo bolti ni mizani mbili, na l yake inabaki bila irabu kama s ya askari. Akiandika boliti, kama wengi wanavyolitamka hapa Igawa, mizani zinakuwa 9. Mimi naelekea upande wa bolti. Yeye anasema mteja wake yeyote akiisoma ataisoma boliti, na shairi litachechemea kinywani mwake. Wajuzi mnasemaje?